Lita Elfu kwa Saa

Mwanangu ni fundi wa suti, na mtu aliyezoea futi kamba shingoni hawezi kuona kitu akakiacha bila kukipima. Siku alipomleta mchumba wake nyumbani, hata soda hazijafunguliwa, alimwambia mbele yangu kwamba bega lake la kushoto limeshuka kidogo. Binti akacheka, akadhani ni utani. Ndoa yao imedumu kwa sababu mkwe wangu hakuacha kudhani ni utani, mpaka ilipofika zamu ya samaki wake.

Samaki mwenyewe anaitwa Karani. Ni mwekundu wa rangi ya chungwa, mnene kama ngumi ya mwanamume, na macho yamemtoka kama mtu anayetazama watu juu ya miwani. Alikuwa wa marehemu baba yake mkwe wangu, ambaye naye alikuwa karani maisha yake yote. Mzee yule alipofariki watoto waligawana vitu. Mkubwa akachukua kabati, wa pili redio, na mkwe wangu akasema, "Mimi nipeni samaki." Ndugu zake walimwonea huruma, wakamwongezea mito ya makochi.

Alikuja naye ndani ya ndoo yenye mfuniko, ameipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, huenda kwenye tangi, hugonga kioo kwa ukucha, na Karani huja juu, mdomo wazi. Ndivyo marehemu alivyokuwa akifanya. Akishamlisha humwambia, "Haya, baba, shika kazi." Siku moja Karani alikataa kula, na mkwe wangu hakuonja kitu mpaka jioni. Tangu hapo sikuuliza tena kwa nini mtu mzima anamwita samaki baba.

Tangi mwanangu ndiye aliyelileta, na alilileta kwa mapenzi, hilo sikatai. Ni la vioo, linachukua lita mia mbili, likakaa sebuleni karibu na dirisha. Pampu hunyonya maji kwa bomba, huyapitisha kwenye kisanduku cha kuchuja kilichowekwa sponji, kisha huyarudisha juu kwa mpira. Kulikuwa na majani, kulikuwa na mawe, kulikuwa na chungu kilicholala ubavu ambacho Karani alikitumia kama ofisi. Mambo yalikuwa shwari kabisa.

Yaliharibika siku Mwenyekiti alipokwenda dukani kwa mwanangu kushonewa suti. Huyu alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Wafugaji wa Samaki wa Majumbani, na mtu aliyesimama mikono juu huku anapimwa kiuno huwa hana la kufanya ila kuongea. Akamwuliza mwanangu, "Fundi, nasikia na wewe una samaki. Mkondo wako ukoje?"

"Mkondo?"

"Kasi ya maji, bwana. Lita ngapi kwa saa?"

Mwanangu hakujua. Mwenyekiti akacheka mpaka tumbo likavuruga vipimo. "Unapima viuno vya watu, na maji ya sebuleni kwako huyajui!"

Alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyeambiwa ameshona suruali mguu mmoja mfupi. Chakula alikila kwa kijiko kimojakimoja. Akatueleza sheria ya chama: maji yote ya tangi lazima yapite kwenye sponji mara tano kila saa. Tangi letu ni la lita mia mbili, kwa hiyo tunatakiwa lita elfu. Na boksi la pampu limeandikwa lita elfu. Kwa hiyo tuko sawa.

"Basi kama tuko sawa, kula," mkwe wangu akamwambia.

"Nataka kuona kwa macho."

Tukapangwa kazi. Mwanangu akatua ndoo ya lita kumi juu ya stuli, akainua mpira unaorudisha maji ili uyamwagie humo. Mkwe akapewa simu ya kuhesabia muda. Mimi nikawekwa mbele ya mstari wa ndoo.

"Mama, maji yakifika kwenye mstari sema 'tosha'. Si kabla, si baada."

"Na nikiona yanakaribia?"

"Usiseme kitu."

"Na kikohozi kikinijia?"

"Mama, kohoa sasa hivi, umalize."

Nikakohoa, nikamaliza. Maji yakaanza kumwagika. Nikayatazama mpaka macho yakaniuma. Yalipofika mstarini nikasema tosha kwa sauti ambayo jirani aliitikia. Dakika moja kamili. Lita kumi kwa dakika; mwanangu akafanya hesabu kwa midomo, akakaa chini. Lita mia sita kwa saa.

"Mama, umechelewa."

"Sijachelewa, baba."

"Umechelewa kidogo."

Tukayarudisha maji tangini, tukapima tena. Mia sita. Akatubadilisha: mkwe mstarini, mimi kwenye simu. Mia sita. Yeye mwenyewe mstarini, mkwe kwenye mpira. Mia sita, na zulia limelowa.

"Labda boksi linadanganya," nikasema.

Akanitazama kwa huruma. "Mama, limeandikwa."

Hapo nikakubali, kwa sababu kilichoandikwa kimeshaandikwa. Kama boksi halidanganyi, basi mwongo ni tangi.

Akaanza kulisahihisha. Kwanza majani yalitoka, eti yanachelewesha maji. Yakafuata mawe. Kikafuata chungu, Karani akabaki bila ofisi, anazunguka katikati ya maji matupu kama mtu aliyehamishiwa kituo kipya bila barua. Kila kitu kilipotoka tulipima, na kila tulipopima lita ziliongezeka chache tu. Halafu kuna jioni moja zikapungua. Mwanangu akapiga magoti mbele ya kioo, akaganda, kisha akaita.

"Mke wangu! Njoo uone huyu!"

Karani alikuwa ameegemea mdomo wa bomba linalonyonya, ametulia, macho yamemtoka.

"Anapumzika," mkwe wangu akasema. "Mmemtolea chungu chake, alale wapi?"

"Anazuia lita mia."

"Baba naye alipenda kuegemea mlango. Hakuna aliyempima."

Mwanangu akatia mkono kwenye kisanduku cha kuchuja. Alikuwa ameshaona adui mwingine, sponji. Akalivuta nje, limejaa uchafu na utelezi, akalinyanyua kama mganga aliyetoa kitu tumboni mwa mgonjwa. "Hili ndilo linalobana!" Tulipopima bila sponji, zilifika lita mia tisa na kitu. Akanikumbatia. Akamkumbatia mkewe. Mkewe mikono yake ilibaki chini.

"Sasa uchafu utashikwa na nini?" nikamwuliza.

"Mama, kwa kasi hii uchafu hautapata muda wa kukaa."

Sijui uchafu, lakini Karani hakupata muda wa kukaa. Maji yalizunguka kama uji unaokorogwa na mtu mwenye hasira. Karani alipelekwa kona hii akaletwa kona ile, mapezi yamelala upande. Asubuhi mkwe wangu aligonga kioo kwa ukucha. Karani akajitahidi kupanda, akafika katikati, mkondo ukampitia ukampeleka nyuma ya pampu. Chakula kilimpita mdomoni kabla hajaufungua. Siku ya pili, pezi la mkia lilikuwa limechanika.

"Punguza maji," mkwe wangu akasema.

"Baada ya ukaguzi."

"Ukaguzi lini?"

"Jumamosi. Chama chote kinashindania kombe la mkondo, na safari hii naliona kabisa."

"Atakufa kabla ya Jumamosi."

"Hafi. Anapata mazoezi."

Mkwe wangu hakusema neno. Nimeishi na watu wengi, na ninaogopa zaidi yule anayenyamaza kwa adabu. Akaenda uani, akachukua beseni kubwa la kufulia, akalisugua bila sabuni, akalijaza maji yaliyokuwa yamelala kwenye pipa. Akamkinga Karani kwa viganja, akamtia humo. Kisha akabisha hodi chumbani kwangu.

"Mama, naomba tumweke huku. Sebuleni ataonekana takataka."

Nikahamisha viatu vyangu. Tukaweka beseni chini ya dirisha, tukalifunika na kipande cha chandarua.

Mwanangu alipojua, nilitegemea ugomvi. Badala yake alikimbilia ndoo. Akapima peke yake, simu mkono mmoja, mpira mkono mwingine, kisha nyumba nzima ikasikia: "Elfu! Elfu kamili! Nilijua tu ni yeye!"

Mkwe wangu alikuwa amepiga magoti chumbani kwangu, karibu na beseni. Akanitazama. Nikatazama ukuta.

Beseni si tangi. Mtu akiligonga kwa ukucha halitoi mlio wa kioo, linatoa mlio wa beseni. Mkwe wangu aligonga, akagonga tena, Karani hakuja juu. Alikaa chini pembeni, anafungua mdomo na kuufunga. Punje za chakula zilielea mpaka zikavimba. Mkwe wangu aliyabadilisha maji, akambembeleza, akamwambia habari za nyumbani kwao, nani kazaa, nani kahama. Nilijifanya nashona kifungo.

Jumamosi wakaja. Mwenyekiti alikuwa ndani ya suti aliyoshonewa na mwanangu, na nyuma yake Katibu, na nyuma ya Katibu mpimaji wa chama, ambaye wenzake humwita Bwana Sekunde. Huyu alining'iniza saa ya michezo kifuani, na ndoo yake mwenyewe aliibeba ndani ya mfuko wa kitambaa kama mkunga. Hawakukaa. Walikwenda moja kwa moja tangini kama watu waliokuja kutambua maiti.

Bwana Sekunde akapima. Akapima tena. Akanusa mpira, sijui kwa nini. Mwishowe akanong'ona na Katibu, Katibu akanong'ona na Mwenyekiti, na Mwenyekiti akavua miwani.

"Fundi. Elfu kamili."

Mwanangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

"Na maji yenyewe, jamani! Unaona mpaka ukuta wa nyuma. Hakuna hata kinyesi kimoja! Mnafanyaje?"

"Hatuna wa kukitoa," mkwe wangu akajibu.

Wote watatu wakacheka sana. Katibu alimwambia mwanangu kwamba amepata mke mcheshi.

Nilisubiri aulize mmoja tu. Wafugaji wa samaki watatu, pua zao ziko shubiri moja kutoka kwenye tangi lisilo na samaki, wakauliza unene wa mpira. Wakauliza urefu wa mpira. Nikafungua mdomo kuwasaidia, mwanangu akanitupia jicho linalosema "mama, chai", nikaenda kuweka chai.

Kombe likawa letu. Lilikuwa lije Jumamosi iliyofuata, kwa sherehe, hapohapo sebuleni, ili wanachama wote walione tangi la mfano. Lakini wanachama hawakuweza kusubiri. Walianza kuja jioni wakitoka kazini, mmojammoja, kama watu wanaokwenda kwa mganga bila kutaka kuonana. Mwanangu aliwafundisha bila kificho: toa majani, toa mawe, toa sponji.

"Na samaki?" akauliza fundi bomba mmoja, kwa sauti ya chini.

"Samaki ni wako, siwezi kukuamulia. Lakini wanaegemea."

Fundi bomba akaondoka. Siku mbili baadaye nilikutana na mkewe dukani. Akaniambia nyumbani kwao watu hawaogi, bafu limejaa samaki, na mumewe amekaa sebuleni anatazama maji matupu yakienda mbio, machozi yanamlengalenga kwa furaha.

Huku kwetu, mkwe wangu alimfuata mumewe akiwa anapiga pasi. "Ukaguzi umepita. Karani arudi kwenye tangi."

"Baada ya kombe."

"Kisha?"

Mwanangu akapiga pasi mahali palepale mara kadhaa. "Mshindi hutembelewa kwa kushtukiza. Mwaka mzima."

"Mwaka mzima!"

"Tutamtafutia beseni kubwa zaidi."

"Asubuhi nimemkuta amelala ubavu," mkwe wangu akasema. "Nikamsimamisha kwa kidole. Nikamwachia, akalala tena. Kitu kimoja tu nilichukua kwetu. Kimoja."

"Uliongezewa na mito," mwanangu akasema. Mimi ndiye niliyemzaa mtu huyu, na kwa wakati ule sikuweza kukumbuka sababu.

Sherehe ikafika. Viti viliazimwa kwa majirani, soda zikapangwa, tangi likafutwa kioo mpaka likang'aa. Wanachama walijaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti akahutubia. Alisema chama kilianza na watu wachache wenye ndoto. Alisema wapo waliodhani lita elfu ni maneno ya vitabuni. Akasema, "Ndugu zangu, litazameni tangi hili, mniambie linapungukiwa na nini!"

"Halipungukiwi na kitu!" wakaitikia.

Akamkabidhi mwanangu kombe. Makofi yakapigwa. Katikati ya makofi mkwe wangu akatokea sebuleni na beseni, anatembea taratibu lisimwagike, na watu wakampisha kwa tabasamu, wakidhani vinakuja vitafunio.

"Samahani, Mwenyekiti," akasema. "Mwenye nyumba anarudi kwake."

Akamkinga Karani kwa viganja, akamwachia tangini.

Mkondo ulimpokea kama mwizi. Ukamzungusha mara moja, ukamrusha kwenye kioo cha mbele ambapo kila mtu aliyaona yale macho, kisha ukamvuta nyuma ukambandika kwenye mdomo wa bomba. Bwana Sekunde, bila kuambiwa na mtu, akainua mpira, akatazama maji, akapiga kelele: "Mkondo umeshuka!"

"Toeni hicho kitu!" Mwenyekiti akasema.

"Kitu gani?" mkwe wangu akauliza.

"Hicho... hicho hapo..."

"Samaki," nikamsaidia.

Neno lile liliingia sebuleni kama tusi. Wanachama wakatazama viatu vyao. Mkwe wangu alikuwa ameshawapa mgongo. Aligonga kioo kwa ukucha, akasema taratibu, "Haya, baba." Karani akajibandua bombani. Akapiga mkia wake uliochanika, akapanda kidogo, akapanda tena, mkondo ukamkamata ukamrudisha palepale. Mdomo ukawa unafunguka na kufungika.

Mwanangu alisimama na kombe kifuani. Alimtazama samaki kwa lile jicho lake la dukani, jicho linalomtazama mteja kutoka bega mpaka nyonga bila mteja kujua.

"Amepungua," akasema.

"Nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Amepungua kiunoni." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mke wangu, amepungua sana huyu."

"Si ndicho ninachokuambia siku zote hizi!"

Mwanangu akatafuta pa kuweka kombe, hakupaona, akalitia ndani ya beseni. Akapiga magoti nyuma ya tangi, akachomoa plagi.

Pampu ilipozima ndipo tulipojua ilikuwa inapiga kelele kiasi gani. Maji yakazunguka kwa mazoea, yakapunguza mwendo, yakasimama. Karani akaachiwa na bomba, akazama mpaka chini, akalala ubavu. Hakuna aliyekohoa. Mkwe wangu akagonga kioo. Akagonga tena. Mkono wa mwanangu ulikuwa umeshikilia kona ya tangi. Kisha Karani akajinyoosha, akapanda polepole, kama mzee anayepanda ngazi za ofisi, akafika juu na kufungua mdomo. Mkwe wangu akamtilia punje moja. Akaimeza. Akatilia ya pili. Hapo ndipo mkwe wangu alipoanza kulia, na mumewe akalia pia, kwa sauti kubwa zaidi, kama kawaida ya wenye makosa.

Katibu hakulia. Alisimama kutangaza kwamba, kwa mujibu wa taratibu, mshindi ameondolewa mashindanoni kwa kosa la kukutwa na samaki ndani ya tangi. Kombe likatolewa kwenye beseni, likafutwa kwa leso, likapewa fundi bomba. Alilipokea kwa mikono miwili, lakini hakukaa hata kunywa soda. Alisema anakimbilia nyumbani, kuna jambo bafuni. Wenzake nao wakakumbuka mambo yao. Viti vikabaki.

Mwanangu akalitafuta sponji, akalisuuza kwa maji ya tangi, akalirudisha. Akawasha pampu, akaibana koki ya mpira mpaka maji yakatoka kwa adabu. Akaenda uani kufuata chungu. Nilimwona mkono unakwenda kwenye ndoo, ukasita, ukarudi.

Mimi nilikuwa nakusanya chupa nilipoona Mwenyekiti hajaondoka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo.

"Anakula nini?" akamwuliza mkwe wangu.

"Hizi punje. Na dengu iliyomenywa, mara mojamoja."

"Naweza?"

Mkwe wangu akafikiri kwanza, halafu akamtilia punje moja kiganjani. Mwenyekiti akainyanyua kwa ncha za vidole, akaishusha majini. Karani akaja akaichukua kwenye vidole vyake. Mwenyekiti akatoa sauti ndogo ambayo sikutegemea kutoka kwa mtu wa cheo chake.

"Ana midomo laini!"

"Huna wako?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nao saba, mama. Mmoja alikuwa na doa kwenye jicho moja." Akasogea karibu zaidi na kioo. "Kombe la kwanza nilichukua mimi."

Nikamvutia kiti, akakataa, akasema akiwa juu hamwoni vizuri. Akaketi sakafuni, kwenye zulia lililolowa, pua imegusa kioo. Nje Katibu akapiga honi. Mwenyekiti akainua mkono bila kugeuka, kama anayezuia mtoto asimwamshe mgonjwa. Honi ikalia tena, ndefu.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "mwambie bado napima."